Kwa Nini Lyle Hakuniuzia Bastola

Harlow, Minnesota
11 Januari 1987

Kaka Wendell,

Habari za huko Oregon? Sisi huku tupo, ila baridi imetukalia kifuani kama mgeni asiyeaga. Naandika "sisi" kwa mazoea. Ni mimi tu na tanuri la mafuta linalopasha nyumba joto, na tanuri ndilo linaloongea zaidi.

Binamu Gladys amevunjika nyonga kwenye ngazi za kanisa. Mchungaji mpya anahubiri mpaka kahawa inapoa kule ukumbini chini ya kanisa, na wanaume wameanza kukohoa makusudi. Kaburi la Norman wangu limefunikwa na theluji, hata jiwe halionekani. Nilikwenda Jumapili iliyopita nikasimama mahali nilipodhani ni penyewe. Huenda nilimwombea mzee Aune wa kaburi la jirani.

Sasa nisikilize, maana nina swali la fani yako. Unamkumbuka Bernadine Kubicek, aliyekuwa akiendesha basi la shule? Amestaafu, na sasa anaongoza kina mama wa klabu ya kulenga shabaha kila Alhamisi. Mwezi wa Novemba alikuja kwangu, akaniona nimekaa na koti ndani ya nyumba. Akasema, "Ardis, inuka. Hata kama hutapiga, utashika kikombe cha kahawa." Basi nikaenda.

Nikapiga, kaka. Walinipa bastola ya klabu, ile ndogo ya risasi za namba ishirini na mbili, na karatasi yenye duara jeusi. Lazima usimame vizuri, upumue, utazame kile kijino cha kulengea cha mbele mpaka kila kitu kingine kififie, ndipo ubonyeze taratibu. Huwezi kufanya hayo huku unamfikiria mtu aliyekufa. Kwa saa nzima sikumfikiria Norman. Niliporudi kwenye gari nikaona haya, kana kwamba nimetoka kumsaliti. Alhamisi iliyofuata nikaenda tena.

Sasa nataka yangu mwenyewe. Nilipita dukani kwa Lyle Tofte, akanitolea kibastola kifupi cha silinda, cha kuingia kwenye mkoba, akasema ndicho kina mama wanachopenda. Nikamwambia sina mkoba wa kupigania, nataka kutoboa karatasi. Akacheka, wanaume wote wakacheka. Nikatoka bila kuuliza zaidi, maana sikujua hata niulize nini.

Wewe ndiye bingwa wa familia, una vikombe vya ushindi mpaka kwenye choo. Niambie ninunue ipi. Na ujibu upesi, usijifanye mzee.

Mdogo wako,
Ardis


Pine Fork, Oregon
22 Februari 1987

Mdogo wangu Ardis,

Nisamehe kwa kuchelewa. Gari liliharibika, kisha mafua, kisha siku zikapita tu. Huku theluji imebaki milimani, bondeni ni tope. Jirani yangu Ruben ameanza kuzalisha ng'ombe na mimi huenda kumshikia taa. Pole yangu kwa Gladys.

Kuhusu bastola. Kibastola cha Lyle kiache. Ni chepesi, kwa hiyo kinapiga teke kama punda, na mtutu wake ni mfupi, kwa hiyo ukikosea kidogo mkononi unakosea sana kwenye karatasi. Mtu anayeanza na kitu kinachomwumiza hujifunza kushtuka kabla ya mlio, na mshtuko huo haumtoki maisha. Baki na ishirini na mbili. Risasi zake ni rahisi na haipigi teke. Tafuta yenye mtutu mrefu na uzito wa kutosha. Uzito ni rafiki, unatuliza mkono. Ishike mkono ukiwa umenyooka. Ncha ya kidole ifike kwenye kifyatulio bila kuivuta bastola pembeni. Ukiweza kuishika hivyo muda wa ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani bila kutetemeka, hiyo ni saizi yako. Na kila unapoipokea, hata kutoka kwangu, ihesabu kuwa ina risasi mpaka uone kwa macho yako kuwa haina.

Lakini kwa nini ununue? Za klabu zinatosha. Tumia hizo mwaka mzima kwanza. Au fikiria jambo jingine. Wanawake wa huku wanashona mablanketi ya viraka, wanacheka sana.

Unalala vizuri? Unakula chakula cha kupika, au unakula biskuti umesimama?

Mimi nimeacha kupiga. Kifundo cha mkono kimechoka. Bastola zangu haziko tena nyumbani.

Kaka yako,
Wendell


Harlow, Minnesota
1 Machi 1987

Kaka Wendell,

Barua yako nimeisoma nikicheka, kisha nikaudhika. Kushona! Mimi niliyeshona suruali zako zote ulizochana kwenye uzio wa mzee Aune. Nimeshona ya kutosha.

Nalala kama watu wa umri wangu, kwa vipande. Nakula. Umekuwa daktari lini?

Maelezo yako ndiyo niliyokuwa nayatafuta. Alhamisi nilijaribu tatu. Kwanza kile kifupi, kusudi nijue unasema nini. Kiganja kiliniwaka mpaka jioni. Pili ile kubwa ya namba arobaini na tano ya Bernadine, nikafumba macho yote mawili, Bernadine akasema, "Mungu akiwa nyuma ya shabaha, leo amepona." Halafu nikaichukua ya ishirini na mbili yenye mtutu mnene mrefu, nikaishika, nikaimba moyoni ubeti wa kwanza na wa pili. Haikutikisika. Lyle anayo kama hiyo, imetumika kidogo, mpini wa mti. Jumamosi hii nakwenda kuichukua.

Nyumba naisafisha. Nguo za Norman nimezipeleka kanisani, na mashua nimempa kijana wa Gladys. Nimekwenda pia kwa wakili kuandika wosia, kila kitu kimenyooka. Unajua nilivyokuwa nikiogopa kufungua kabati lile? Sasa liko tupu, najisikia mwepesi.

Mbona umeacha kupiga na hujaniambia? Na bastola ziko wapi kama haziko nyumbani? Umeziuza? Ile ya baba pia?

Ardis


Harlow, Minnesota
15 Machi 1987

Kaka Wendell,

Sijapata jibu lako, lakini lazima nimwandikie mtu, na sina mwingine ambaye sitakutana naye barabarani.

Jumamosi ile nilikwenda kwa Lyle. Duka lilikuwa limejaa, wavuvi wa kwenye barafu wanarudisha vifaa vyao. Nikamwambia nimekuja kuchukua ile yenye mpini wa mti. Aliitoa kabatini, akaiweka juu ya kitambaa, nikaifungua kama ulivyonifundisha, nikatazama, tupu. Nikatoa kitabu cha hundi. Lyle akaweka mkono wake juu ya bastola.

"Ardis," akasema, "leo hapana."

Nikadhani anatania. "Kwani leo imepanda bei?"

"Leo hapana. Rudi nyumbani. Zungumza na mchungaji kwanza."

"Nizungumze na mchungaji kuhusu bastola? Yeye anapiga kwa mkono gani?"

Hakuna aliyecheka, kaka. Na ni watu wale wale waliocheka mwezi wa Desemba. Lyle akainama, akasema kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Watu wanaokupenda wana wasiwasi. Tangu Norman afariki. Unaelewa ninachosema."

Nikaelewa. Kila mtu mle dukani akaelewa. Mume wa Gladys alikuwa ameshika ndoo ya chambo, akageuka kutazama ukuta. Nilirudisha kitabu cha hundi kwenye mkoba, kikakataa kuingia, nikawa nakisukuma tu. Sikumbuki nilivyofika nyumbani.

Kesho yake kanisani kina mama walinikumbatia mmoja mmoja, kwa muda mrefu kuliko kawaida. Jumatatu mabakuli yakaanza kuja: nyama ya kusaga na viazi, samaki wa kopo na tambi, nyama ya kusaga na viazi tena. Vyakula vya msiba, Wendell, na maiti ni mimi. Mchungaji akaja akakaa kwenye kiti cha Norman, akanishika mkono, akazungumza juu ya mabonde yenye kivuli. Nilipoenda kumletea kahawa alinifuata mpaka jikoni. Alikuwa akitazama visu.

Bernadine amenipigia simu. Amesema nisije Alhamisi kwa sasa, mpaka kamati ya klabu ikae. Alikuwa na aibu kusema, nami nikawa na aibu kusikia, tukaagana kama watu waliovunja sahani ya mwenye nyumba.

Sijui nani kamwambia nini Lyle. Nimewapitia watu wote kichwani mwangu. Nikikataa wanatikisa kichwa kwa huruma, nikikasirika wanatazamana. Dukani nanunua maziwa huku nimeinamisha uso, kana kwamba nimeiba.

Unaonaje? Niandikie.

Ardis


Pine Fork, Oregon
19 Aprili 1987

Mdogo wangu Ardis,

Leo ni Pasaka. Nimetoka kanisani na nguo zangu bado ni za kanisani, nimekaa kuandika kabla sijazivua kwa sababu nikizivua sitaandika.

Ni mimi niliyempigia Lyle.

Barua yako ya Machi ilifika Alhamisi. Niliposoma habari za nguo, mashua na wosia, na kwamba unajisikia mwepesi, niliisoma tena na tena mpaka usiku. Ijumaa nikampigia. Nilimwambia asikuuzie. Nilimwambia nakuogopea. Sikumwambia awatangazie wavuvi, lakini hilo si utetezi. Lyle namjua tangu shule, hajawahi kusema kitu kwa sauti ya chini inayosikika chini.

Utaniuliza kwa nini sikukupigia wewe. Nilizungusha namba yako, nikakata kabla haijalia. Nikazungusha ya Lyle kwa sababu kwa Lyle maneno yalikuwa rahisi. Nilizungumza na mtu baki juu yako badala ya kukuuliza wewe. Kisha ukaniandikia barua ile ya dukani, ukaniuliza mimi naonaje, na mimi nikakaa nayo mwezi mzima mezani chini ya chupa ya chumvi. Kila nilipokula niliiona.

Sina la kujitetea. Naona aibu.

Wendell


Harlow, Minnesota
26 Aprili 1987

Wendell,

Kikulacho ki nguoni mwako. Niliupitia mji mzima kichwani mwangu nikitafuta mchawi, hata Gladys mwenye nyonga iliyovunjika nilimshuku, nikaacha kumpelekea supu. Kumbe mchawi ndiye niliyemlilia.

Usiniandikie.

Ardis


Pine Fork, Oregon
14 Juni 1987

Ardis,

Umesema nisiandike. Naandika habari tu.

Majani ya kwanza yamekatwa. Ruben ana ndama wengi kuliko majina. Mbwa wangu nimempa yeye, kwake kuna nafasi kubwa ya kukimbia kuliko huku kwangu. Tandiko la farasi nalo nimempa binti yake. Mvua hakuna.

Nimempigia Lyle, nikamwambia nilikosea na kwamba yeye pia alikosea zaidi. Alikubali la kwanza.

Msalimie Gladys.

Wendell


Pine Fork, Oregon
19 Julai 1987

Mdogo wangu,

Hujajibu na sikulaumu. Nimeandika barua hii mara kadhaa, na kila mara niliizunguka kama paka anavyozunguka maji. Nilikuuliza unalala vipi. Nilikuuliza unakula nini. Nilikwambia ukashone. Nilimpigia Lyle. Yote hayo ili nisiseme sentensi moja. Sasa naisema, na ukiichana barua baada ya hapo, basi angalau nimeisema.

Ardis, ulikuwa unafikiria kujiua? Je, unafikiria sasa?

Kama ni ndiyo, nijibu ndiyo. Sitashangaa, sitamwita mchungaji, sitakudharau. Nitakuja. Kama ni hapana, nijibu hapana, nami nitakuamini.

Wendell


Harlow, Minnesota
9 Agosti 1987

Kaka Wendell,

Nimerudi kukuita kaka. Usijivune.

Hapana. Ndilo jibu. Lakini sikulitoa haraka, na nataka ujue hivyo. Nilikaa na swali lako kibarazani nikajitazama ndani kwa uaminifu, kama mtu anavyotazama kama bastola ni tupu. Kulikuwa na asubuhi za Oktoba na Novemba ambazo sikuona sababu ya kuvua koti. Kufa sikutaka. Nilitaka tu siku iishe. Siku ile Bernadine alipogonga mlango sikuwa nimekula tangu jana yake. Basi hukuwa mjinga kuogopa. Ulikuwa mwoga kuuliza, na hilo ni jambo jingine.

Nguo za Norman nilizigawa kwa sababu nilikuwa nimepona kiasi cha kuweza kuzigusa. Mashua ilikuwa inaziba mlango wa gereji. Wosia nilikwenda kuandika kwa sababu Norman hakuandika wake, na nilihangaika miezi na makaratasi yake. Na bastola niliitaka kwa sababu nyumba hii yote ni ya Norman: kiti chake, kikombe chake, fimbo zake za uvuvi. Nilitaka kitu kimoja ambacho hakukichagua yeye.

Nitakueleza Bernadine alifanya nini. Wiki moja baada ya kamati yao kukaa mara tatu bila kuamua kitu, alikuja kwangu kwa gari, hakuzima hata injini. Akashusha kioo.

"Ardis, nimechoka na wanaume hawa. Nakuuliza mwenyewe. Unataka kujidhuru?"

"Hapana."

"Ulishawahi kutaka?"

"Karibu. Majira ya kupukutika majani."

"Na sasa?"

"Sasa namtaka Lyle ndiye ajidhuru."

Akacheka mpaka akagonga honi kwa kiwiko. Kisha akawa hatanii. Akasema, "Haya. Utanunua, lakini mwaka wa kwanza itakaa kwenye kabati la chuma la klabu, na ufunguo ninao mimi. Sheria hiyo inaanza na wewe, na nitaiweka kwa kila mwanamke anayeanza, usione umetengwa. Siku yoyote mbaya ikija, unanipigia mimi kabla hujaosha uso. Umekubali?"

Nikakubali. Aliuliza kwa muda ambao wewe unatumia kufungua bahasha.

Lyle aliniuzia. Alitaka kunipunguzia bei, nikamlipa yote. Nikamwambia, mbele ya watu, "Safari nyingine ukiwa na wasiwasi na mtu, mwite pembeni." Akawa mwekundu kama nyanya. Akasema, "Ndiyo, Ardis." Mabakuli nimewarudishia wenyewe yakiwa yameoshwa. Bado wapo wanaonitazama kwa jicho la pembeni, na mimi bado kuna siku nanunua maziwa haraka haraka. Aibu haitoki kwa kuambiwa ukweli tu, nimeona. Supu ya Gladys nimeanza kuipeleka tena, naye hajui ilikatika kwa nini. Hilo silali nalo vizuri.

Sasa nigeukie kwako.

Nimesoma barua zako zote upya, nikiwa na hasira, nikitafuta pa kukushika. Nikashikwa mimi. Nani alikufundisha kuuliza habari za usingizi na chakula? Ulijuaje kwamba mtu akigawa vitu vyake ni dalili? Kisha nikaona umegawa nani na nini. Mbwa, Wendell. Mbwa aliyelala miguuni pa mkeo Opal mpaka siku ya mwisho. Tandiko. Unasema kifundo cha mkono kimechoka, na mwandiko wako umenyooka kama wa karani. Unasema bastola haziko nyumbani, nimekuuliza ziko wapi, hukunijibu.

Ulisoma barua yangu ukamwona mtu mwingine. Sasa nakuuliza kama ulivyoniuliza, maneno yale yale, maana ulinifundisha vizuri.

Kaka, ulikuwa unafikiria kujiua? Je, unafikiria sasa?

Ardis


Pine Fork, Oregon
23 Agosti 1987

Ardis,

Ndiyo kwa la kwanza.

Ilikuwa masika ya mwaka juzi, Opal akiwa na mwaka mmoja kaburini. Asubuhi, jua limejaa jikoni. Nilikuwa nimeketi kusafisha bastola ya baba, kazi niliyoifanya maisha yangu yote bila kuwaza. Siku hiyo niliwaza. Sitaandika zaidi ya hapo. Mbwa alikuja akaweka kichwa chake juu ya goti langu, nikainuka, nikazikusanya zote kwenye sanduku la tufaha, nikaendesha mpaka klabu nikiwa na ndara. Harlan, mtunzaji wetu, alikuwa anafagia. Nikamwambia, "Nitunzie hizi. Kifundo cha mkono kimekwisha."

Akatazama sanduku, akatazama ndara, akasema, "Muda gani?"

"Sijui."

"Basi zitakaa." Akazifungia. Hakuniuliza zaidi, na mimi nilishukuru kwamba hakuuliza, na nilimchukia kwa sababu hiyo hiyo.

Tangu hapo sijarudi klabu. Kila mmoja akiniuliza namwambia kifundo. Nimewadanganya watu ambao nimesimama nao kwenye mstari kwa miaka thelathini, niliowafundishia wake zao na watoto wao namna ya kushika, kupumua, kutulia. Mimi niliyekuwa nasema mkono uliotulia unatoka kwenye kichwa kilichotulia. Nawezaje kusimama mbele yao tena? Barua yako ya kwanza ilipokuja ukiniita bingwa, niliigeuza uso wake chini. Wewe ulikuwa unapona kwa kitu kile kile ambacho mimi nilikikimbia, na badala ya kufurahi nikaona hatari tu, kwa sababu sikuweza kufikiria mtu aishike kwa furaha.

Kwa la pili. Sitakudanganya kwa vile wewe hukunidanganya. Siku nyingi, hapana. Siku nyingine, nusu. Mbwa nilimtoa mwezi wa Juni kwa sababu nilikuwa nimeanza kupanga nani atamtunza. Nilijiambia ni kwa ajili ya nafasi ya kukimbia. Nimeona nilichoandika baada ya wewe kukiona.

Hakuna anayejua ila wewe. Naona aibu hata mbele ya karatasi hii. Lakini naipeleka posta sasa hivi, kabla sijavaa viatu, nisije nikabadili nia.

Wendell


Harlow, Minnesota
29 Agosti 1987

Kaka,

Barua yako imefika jana. Nilikupigia simu dakika ile ile, nawe ukapokea, ukasema "Ardis," kisha tukawa tunasikilizana tukipumua mpaka gharama ikawa ya kutisha. Sijali. Nilikusikia upo.

Baada yako nilimpigia Ruben. Ndiyo, bila kukuuliza, na ndiyo, kama ulivyonifanyia mimi. Tofauti ni kwamba nakwambia leo, si baada ya Pasaka. Nilimwambia ukweli mfupi, na kwamba asiseme popote. Unajua alisema nini? Alisema, "Mama, mimi nilikuwa namwomba anishikie taa kila ng'ombe akizaa kwa sababu sikujua namna ya kumwuliza." Ng'ombe wake wanazaa wenyewe, Wendell. Hawahitaji taa. Basi ukimwona amekaa barazani kwako siku mbili hizi anachonga kijiti, mpe kiti. Amesema pia yupo daktari mjini kwenu anayezungumza na watu mambo haya, kaka yake mwenyewe alikwenda. Tutakwenda wote. Nitangoja nje nikisoma magazeti ya zamani.

Nimemwambia Bernadine tu kwamba nasafiri. Akaniuliza kama nataka kubeba bastola yangu nikakuonyeshe. Nikamwambia hapana, ibaki kabatini. Ameniahidi kuipaka mafuta.

Basi linaondoka kesho. Barua hii naitia posta njiani, kwa hiyo itafika baada yangu. Nimeiandika tu kwa sababu nisingeweza kukaa kwenye basi siku mbili nikiwa sijakujibu. Utakapoifungua nitakuwa nimeketi ng'ambo ya meza, nimeshakuuliza mara kadhaa. Maana nitakuuliza kila asubuhi, kwa maneno yale yale, nawe utanijibu ndiyo, hapana au nusu. Ukisema nusu, tutakunywa kahawa kwanza, kisha utaniambia ni nusu ya upande gani.

Mdogo wako,
Ardis